Zamu ya usiku Salender: shajara ya mradi wa korongo wa usiku

18 Januari

Mradi una jina kubwa kuliko watu wake. Tupo mimi, binamu yangu anayesoma chuo, na dada mmoja jirani yetu hapa Upanga ambaye ndiye mwenye darubini ya maana. Hatuna ofisi wala fulana. Tunataka kujua mambo matatu tu kuhusu korongo wa usiku, ndege anayeishi kwenye mdomo wa Mto Msimbazi hapa Dar es Salaam: mchana wanajificha wapi, jioni wanatoka wakati gani, na wakitoka wanaelekea wapi kula.

Kwa ambaye hajawahi kumwona: ni korongo mfupi, mnene, aliyejikunyata, mwenye urefu wa sentimita 60 hivi, na mara chache hufika kilo moja. Utosi na mgongo ni mweusi, mabawa ni ya kijivu, tumbo jeupe, macho mekundu. Kisogoni ana manyoya mawili matatu meupe, marefu na membamba, yanayoanguka mgongoni. Wanasayansi humwita Nycticorax nycticorax, na Linnaeus alimwandika tangu mwaka 1758. Anaishi Ulaya, Asia, Afrika na Amerika zote mbili. Australia hayupo, kule kuna ndugu yake wa rangi ya kutu. Kwa hiyo si ndege adimu hata kidogo. Ameshika zamu ambayo wengi wetu hatuipendi, ndiyo maana hatumjui.

Akiwa amekaa unaweza kuapa kwamba hana shingo. Anayo, tena ndefu, ila ameikunja. Korongo wote wana pingili ya sita ya shingo iliyo ndefu kuliko nyingine, na hapo ndipo shingo inapojipinda umbo la S. Ikifyatuka, samaki anakuwa ameshaliwa kabla hajajua kuna nini.

Mpango wa kwanza: Jumamosi jioni, kila wiki, kwenye Daraja la Salender, pale mdomoni mwa mto. Vifaa ni darubini, daftari, simu ya kurekodi sauti, tochi iliyofunikwa karatasi ya nailoni nyekundu ili mwanga usiwashtue, na dawa ya mbu. Dawa ya mbu iwe nyingi.

6 Februari, maji mafu

Si Jumamosi, lakini dada alikuwa na nafasi leo. Mlinzi wa jengo lililo karibu na mikoko ametuazima viti vya plastiki tukae nje ya ukuta wake, kwa sharti kwamba tusimulike upande wake. Tumemletea soda, tumekuwa ndugu.

Adhana ya Magharibi ilipokwisha, yangeyange walikuwa wameshatulia mitini na kunguru wanapita makundi kwa makundi kwenda kulala. Kisha likawepo pengo. Anga tupu, ndege wa mchana wameondoka na wa usiku hawajaingia. Nilikuwa nadhani ndege wanapokezana kama madereva wa mwendokasi, mmoja anashuka mwingine anapanda. Kumbe kuna dakika ambazo kiti kinabaki wazi.

Halafu tukasikia "kwaak!" Moja tu, kavu, kutoka juu ya mikoko. Baada ya muda nyingine, mbali zaidi. Anayemtafuta ndege huyu kwa macho atachoka. Sauti hiyo ndiyo inayomtambulisha, na hulia hivyo hasa anaporuka gizani. Ukishaisikia unainua uso, na kama bado kuna wekundu wa magharibi utamwona: mabawa mapana yenye ncha za mviringo, mpigo wa polepole usiobadilika, miguu ikichomoza kidogo tu nyuma ya mkia. Miguu ndiyo inayomtofautisha na yangeyange, maana yangeyange akiruka huiburuta miguu yake mirefu nyuma kabisa ya mkia.

Wote tuliowaona walitupita juu, wakafuata mto kuelekea Jangwani. Mbele yetu hakutua hata mmoja. Maji yalikuwa yanapanda na matope yaliyobaki wazi yalikuwa ukanda mwembamba tu. Tumeandika hivyo bila kuongeza maelezo.

Mama anayeuza chai pale barabarani alitusikiliza tukibishana, akasema: "Huyo ni bundi, wanangu. Akipita juu ya nyumba kuna mtu anamtafuta." Binamu akamjibu kwa adabu kwamba anayetafutwa ni perege. Mama hakukubali, lakini chai yake ilikuwa nzuri.

14 Februari, bamvua

Usiku wa leo ndio umebadilisha mradi, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Tulifika mapema. Kwenye ukingo wa mikoko kulikuwa na mzee mmoja anayetega kaa, anakusanya vifaa vyake. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini hapa na mbu wote hawa?" Tukamweleza. Hakucheka, na hilo lilinifurahisha, kwa sababu huwa watu wanacheka. Dada akamwuliza ndege hawa huja saa ngapi.

Mzee hakujibu saa. Aliuliza: "Mara ya mwisho mlikuja maji gani?"

Tukasema maji mafu. Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kuelekea baharini, akasema tukae tu, leo hatutasubiri sana.

Kwa walio mbali na pwani, jambo lenyewe ni hili. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali. Hayo ndiyo maji mafu. Hapa Dar, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua kubwa hupita mita tatu, na wakati wa maji mafu huweza kuwa kama mita moja tu. Saa nazo zina utaratibu wake. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne, mchana na usiku vilevile. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne ndiyo yamejaa. Kila mvuvi wa Kunduchi au Mjimwema analijua hili kabla hajajua kusoma, na sisi watoto wa ghorofani tunalisoma kwenye jedwali.

Maana yake kwa korongo wa usiku ni kubwa. Usiku wa bamvua giza linaingia maji yakiwa yanatoka. Kila dakika matope mapya yanafunuka: vidimbwi vyenye samaki wadogo walionaswa, kamba, kaa wanaotoka mashimoni, na wale samaki wanaoruka matopeni kama vyura. Meza imeandaliwa, na imeandaliwa kwa wakati wake.

Wa kwanza alilia adhana ikiwa bado inaendelea. Alizunguka mara moja, akashuka mbele yetu kabisa, kwenye mchu (aina ya mkoko) mmoja ulioinamia maji. Akafuata mwingine, kisha watatu pamoja. Mwezi ulikuwa umetoka, tochi hatukuiwasha hata mara moja.

Sikutarajia subira ile. Yangeyange mchana hutembea, huvuruga tope kwa mguu, hukimbia huku na huku. Huyu alisimama. Alisimama mpaka binamu akasema ni kisiki, na dada akampa darubini aone jicho. Alikaa kwenye tawi la chini, mwili umelala mbele, mdomo ukielekea majini, bila kutikisika, kisha shingo ile tuliyoapa hana ikatoka yote kwa mpigo mmoja na kurudi na kitu kinachong'aa. Akakimeza kichwa kwanza. Akarudi kuwa kisiki.

Maji yalipozidi kutoka walishuka wakaanza kutembea ukingoni, hatua moja moja, kila mmoja na eneo lake. Wawili walipokaribiana walitunishiana manyoya ya utosi na kutoa sauti ya kukoroma, mmoja akahama. Kwenye saa tano usiku mstari wa maji ulikuwa mbali mno kwa darubini yetu, nao wameyafuata.

Wanasayansi wameshaandika kwamba korongo hawa wakiishi pwani hufuata maji kupwa, na maji yakiwa mazuri mchana hutoka hata mchana. Wakati wa kulea makinda nako hula mchana kweupe, kwa sababu makinda hayangoji giza. Usiku kwao ni nafasi zaidi kuliko tabia isiyobadilika: mchana korongo wakubwa zaidi wanatawala sehemu nzuri, usiku hawapo. Lakini kusoma ni kitu kimoja, kuulizwa "maji gani?" na mtu aliyeshika mtego ni kingine.

Uamuzi: Jumamosi zimefutwa. Ratiba sasa inafuata mwezi.

1 Machi

Bamvua tena, safari hii asubuhi, maji kupwa saa nne. Mzee wa kaa ametupitisha ndani ya mikoko akiwa mbele, sisi nyuma yake tukizama mpaka magotini. Msimbazi unaanza milima ya Pugu, Kisarawe, na unapofika hapa umeshapita katikati ya jiji lote na kubeba kila kilichotupwa njiani. Harufu siielezi. Tope limeshika chupa, ndala, neti, mdoli asiye na kichwa.

Na katikati ya haya, wamelala. Walikuwa kwenye mililana, mikoko ya aina nyingine, na michu iliyosongamana, juu kidogo ya usawa wa maji ya bamvua, kila mmoja akisimama kwa mguu mmoja, macho yamefungwa nusu. Kutoka kwenye kituo cha daladala si mbali. Abiria wanaosubiri gari la Mwenge wangeweza kuwaona kama wangejua pa kutazama.

Nusu ya kundi hatukuitambua mara moja. Ni ndege wa kahawia wenye madoadoa meupe mabawani na michirizi kifuani, macho ya njano iliyokolea kuelekea rangi ya chungwa. Ni hao hao, ila wadogo. Korongo wa usiku huchukua miaka miwili hadi mitatu kuvaa nguo za utu uzima, na katika muda huo macho yake hubadilika taratibu kuelekea nyekundu. Tuliwalinganisha kwa makini na korongo mgongo-kijani, ambaye naye anaishi kwenye mikoko hii, kwa sababu kinda lake nalo lina michirizi. Huyo ni mdogo zaidi, kama sentimita 40, mwembamba, na mchana yuko macho anawinda. Wetu walikuwa wamelala.

Chini ya miti tuliokota vibonge vya mabaki ambayo korongo hutapika baada ya kusaga chakula. Dada amevichambua nyumbani kwa kibano, mama yake akilalamika kwamba sahani za jikoni si maabara. Tumepata magamba ya kaa, vipande vya wadudu, na manyoya ambayo kwa hakika ni ya panya. Mifupa ya samaki hakuna. Hapa lazima mtu awe mwangalifu, asije akaandika kwamba ndege huyu hali samaki: asidi ya tumbo la korongo ina nguvu ya kuyeyusha mifupa, na kinachobaki ni kile kisichoyeyuka kirahisi, manyoya na magamba. Kibonge kinasimulia nusu ya mlo, tena ile ndogo.

Kwamba anakula panya ni habari nitakayompelekea mama wa chai.

30 Machi, mkesha wa Idi

Ramadhani yote tulikuwa tunafuturu haraka na kukimbilia viti vyetu. Mwezi Machi jua linapopita juu ya ikweta bamvua huwa kubwa kuliko kawaida, na ya leo imeacha wazi matope ambayo hatujawahi kuyaona. Ndege wametawanyika mno, hesabu haina maana.

Kwa hiyo tuliwaacha tukaenda kwenye Daraja la Tanzanite, lile la baharini lililofunguliwa mwaka 2022, ambako nusu ya mji ilikuwa inapiga picha. Tulikuwa tunafuatilia swali la taa. Mwanga juu ya maji huvuta samaki wadogo. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa zao na kupumzika kwenye mbalamwezi. Katika nchi nyingi korongo wa usiku wamejifunza kukaa kwenye gati na kamba za boti chini ya taa. Tulimpata mmoja, mtu mzima, kwenye jiwe chini ya mahali taa ya daraja inapogusa maji. Juu yake vijana wanacheza muziki, watoto wanakula aiskrimu, naye anavua. Alipata mara mbili tukiwa tunatazama. Kijana mmoja alituona tumeinama kwenye ukuta akadhani kuna mtu ameanguka majini, ikabidi tumwonyeshe. Alitazama kwa darubini muda mrefu kuliko tulivyotegemea, akamwita mchumba wake, na foleni ikaanza.

Kuna mbinu mbili za ndege huyu tunazotamani kuziona hapa. Moja ni kutia ncha ya mdomo majini na kuifungua na kuifunga haraka haraka mpaka maji yatetemeke, samaki aje kuangalia. Nyingine ni ya chambo: baadhi yao wameonekana wakichukua kipande cha mkate, wakakidondosha majini, wakasubiri samaki waje kukidonoa. Pale Tanzanite mkate haukosekani.

Aprili

Masika. Mto umefurika, Jangwani imefungwa tena kwa maji, na mlinzi ameingiza viti ndani. Maji ya mdomoni yamekuwa mazito hivi kwamba ndege anayewinda kwa jicho hawezi kuona kitu. Wachache tuliowasikia walikuwa wanapita juu kuelekea kaskazini. Hakuna la kuandika.

11 Mei

Mvua zimepungua na kikundi kimeanza kubishana kuhusu viota.

Korongo wa usiku hutaga kwa makundi, mara nyingi pamoja na yangeyange na korongo wengine. Kiota ni rundo la vijiti lisilo na ufundi. Mayai ni matatu hadi matano, ya rangi ya kijani-buluu. Dume na jike huatamia kwa zamu kwa wiki tatu au zaidi kidogo. Makinda hutembea kwenye matawi kabla hayajaweza kuruka, na huruka yakiwa na wiki sita hivi. Ukiyakaribia hukutapikia chakula chote, jambo ambalo kwa watafiti wa chakula ni zawadi, lakini sisi tumekubaliana kutogusa kiota chochote. Mtu akiwafukuza wazazi kwa dakika kumi tu mchana, kunguru watamaliza kazi.

Kunguru ni suala lenyewe. Hawa wenye shingo ya kijivu, ambao Dar tunawaita wa Zanzibar, asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasaidie kula takataka, wakavuka. Wanaiba mayai na makinda ya ndege karibu wote wa jiji. Tumewaona wakija kwenye mikoko asubuhi na kuwazomea korongo waliolala, kuwavuta mkia hata, mpaka korongo anaamka na kutoa mdomo. Dada anasema hiyo ndiyo sababu hatuoni viota hapa. Inawezekana. Mimi namkumbusha kwamba korongo wa usiku mwenyewe ni mwizi wa makinda: akikaa karibu na viota vya yangeyange au membe, anayameza yale madogo. Wakati huohuo amejulikana kulea kinda lisilo lake likiingia kiotani mwake, kwa kuwa hatofautishi. Ndege wa aina hii ni vigumu kumwandikia sifa.

Binamu analeta hoja ya upande wa pili, kwamba hatupaswi kutafuta viota kwenye mikoko peke yake. Huko Oakland, California, korongo hawa wametaga kwenye miti ya barabarani katikati ya mji, wakichafua magari yaliyoegeshwa chini, na mwaka 2019 baraza la jiji likawafanya ndege rasmi wa jiji. Chicago wana kundi kubwa la viota ndani ya bustani ya wanyama ya Lincoln Park, na halikuletwa na mtu, lilikuja lenyewe. Kwa hiyo mikungu na mikwaju ya Upanga, Oysterbay na Kurasini iingie kwenye orodha. Tumekubali. Kuanzia sasa yeyote atakayeona kinyesi cheupe kingi kwenye lami chini ya mti mkubwa atatutumia picha. Familia nzima imeshachoka na picha hizo.

28 Mei

Bamvua ya mwezi mwandamo, na maji yamesafika kidogo. Wamerudi kwenye mchu ule ulioinama, na wale wa kahawia wamepungua. Mmoja wao macho yake yamekuwa ya chungwa kabisa.

Kazi zinazofuata. Tutasikiliza kwa pamoja kutoka sehemu tatu, Salender, Jangwani na Tanzanite, kila mmoja na simu yake ikirekodi kwa saa ileile, usiku mmoja wa bamvua na usiku mmoja wa maji mafu. Kama dhana yetu ni sahihi, usiku wa maji mafu milio itasikika zaidi Jangwani, kwenye madimbwi ya maji baridi yasiyojali mwezi. Hilo lina haraka yake, kwa sababu bonde la Msimbazi linajengwa upya: daraja jipya la Jangwani na bustani ya jiji mahali pa nyumba zilizokuwa zinafurika. Yale madimbwi yanaweza yasiwepo baada ya hapo, au yakawepo bora zaidi, na kama hatukuandika nani alikuwa anayatumia kabla, hakutakuwa na cha kulinganisha. Nchi nyingine humtumia korongo huyu kupima uchafu wa maji, maana anakula karibu kila kinachoishi humo.

Mzee wa kaa amekubali kukaa kituo cha Salender. Simu ya kurekodi hataki. Amesema ataweka vijiti mfukoni, kijiti kimoja kwa kila mlio, na asubuhi tuvihesabu wenyewe.